Mwanga Usiofika Mfupani

Tunduma,
4 Februari 2024

Mdogo wangu Tusekile,

Ndaga, nakusalimu. Hapa kwetu tunaamka, tunakula, tunagombana, kwa hiyo hatujambo. Shemeji yako Shadrack bado anahangaika na karatasi za malori pale mpakani. Foleni ya kuingia Zambia safari hii imefika mpaka kwa fundi viatu wetu, na vumbi lake tunalipika kwenye mboga. Tupokigwe ameingia kidato cha nne, anajiona mwalimu wa nyumba nzima.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtu. Nikianza kuongea, mmoja ananisikiliza na mwingine anadai zamu yake. Barua nampa Amri, mume wa Sabra jirani yangu wa dukani. Anaendesha basi la Arusha. Ukijibu mpe yeye.

Nina swali. Krismasi ulipokuja kijijini kwetu Isongole ulituambia jikoni kwamba huko maabara mnatengeneza dawa ya kansa ya kumeza, halafu mgonjwa anawashiwa mwanga. Wengine walicheka. Mimi nilisikia.

Sokoni kuna mwenzangu mmoja, humfahamu, amepata uvimbe kwenye titi la kushoto. Mdogo kama punje ya harage, mgumu, hauumi. Anao tangu wakati wa kupanda. Anaogopa hospitali. Ameniomba nikuulize: hiyo dawa ni ya kweli? Itatoka lini? Andika kwa urefu, kwa Kiswahili cha kawaida, nitamsomea.

Dada yako,
Gwalugano


Arusha,
11 Februari 2024

Dada Gwalu,

Shikamoo. Amri ameniletea barua yako mpaka mlango wa maabara, akiwa bado na vumbi la Dodoma mabegani. Nimefurahi mno. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi yangu zaidi ya swali moja.

Msomee mwenzako hivi. Dawa nyingi za kemo hupitia kwenye mshipa, na zikishaingia zinatembea mwili mzima. Zinapiga kansa, zinapiga nywele, zinapiga tumbo. Sisi tunaichukua kemo tunaifungia ndani ya vichembe vya mafuta, vidogo kiasi kwamba maelfu yake hayajazi ncha ya sindano. Humo ndani tunaweka pia rangi fulani inayoshika mwanga. Kikimezwa, kichembe kinapita tumboni bila kuharibiwa na asidi, kinaingia mwilini kupitia utumbo, kinakwenda kukusanyika kwenye uvimbe, hata ule uliokwisha kuhamia sehemu nyingine. Hapo tunawasha mwanga wa mashine maalumu, ambao macho hayauoni. Rangi inapata joto, kichembe kinapasuka, dawa inamwagika palepale. Kansa inapigwa na joto na dawa kwa wakati mmoja.

Wiki iliyopita tulipima panya kumi na wawili, wote wana kansa ya titi iliyofika mapafuni. Tisa kati yao uvimbe umenywea. Wa mapafuni pia, dada! Nililia mbele ya profesa wangu bila haya. Tuko karibu sana.

Mwambie mwenzako aende hospitali akapimwe. Msalimie shemeji, na Tupokigwe asome.

Mdogo wako,
Tusekile


Tunduma,
24 Machi 2024

Mdogo wangu,

Ndaga, asante kwa barua. Mwenzangu aliomba nimwachie, nikamwachia. Anaisoma kila siku, sasa karibu anaijua kwa moyo.

Alikwenda zahanati kama ulivyosema. Muuguzi akauminya ule uvimbe, akamwandikia karatasi ya kwenda Mbeya wakachukue kinyama wakapime. Karatasi anayo. Hajaenda. Ameniambia sababu nami nimeshindwa kumbishia. Mama yake alikwenda hivyohivyo, akakatwa, akarudi na bandeji, na mwezi wa nne akazikwa. Wewe na mimi tulimwona mama yetu, tunajua anachosema.

Uvimbe umekuwa kama yai la njiwa. Ngozi juu yake imeanza kuvutika na kuwa na vitundu, kama ganda la chungwa. Anasema atasubiri dawa yenu maana umeandika mko karibu.

Anauliza pia: kama dawa inataka mwanga, je, jua linafaa? Siku hizi saa saba mchana anakaa uani kwake kifua wazi, milango amefunga. Anasema anaona kama linasaidia. Nijibu hilo upesi.

Dada yako,
Gwalugano


Arusha,
2 Mei 2024

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako imekaa kwenye mkoba wangu wiki tano. Tulikuwa na wageni kutoka nje, halafu ripoti, halafu mambo fulani hapa hayajaenda sawa. Nitakueleza siku nyingine.

Jua hapana. Taa yoyote ya nyumbani hapana. Yai la njiwa na ngozi ya chungwa si dalili za kusubiri. Aende Mbeya wiki hii. Mwambie nimesema mimi.

Naandika nimesimama, Amri anapiga honi.

Tusekile


Tunduma,
4 Juni 2024

Kwa Bi Tusekile,

Assalaam alaykum. Hatujaonana. Mimi ni Sabra binti Sufiani, duka langu la vitenge linapakana na duka la maharage la dada yako. Hajui kwamba nakuandikia. Akijua atanichukia, nami nitavumilia.

Yule mwenzake wa sokoni mwenye uvimbe hayupo. Ni yeye.

Nimejua juzi. Alikuwa anainua debe kumpimia mteja wa Zambia, akapiga ukelele akakaa chini. Nilidhani mgongo tu. Nikamwingiza stoo nimfungulie nguo apate hewa. Akanishika mikono yote miwili.

"Sabra, usifungue."

Nikafungua. Bi Tusekile, titi la kushoto lina kidonda. Na kuzunguka kile kidonda ngozi imeungua, imebabuka kama ya mtu aliyemwagikiwa uji.

"Nani amekuchoma, Mama Tupo?"

"Hakuna aliyenichoma. Ni tiba ya mdogo wangu."

Ikabidi anieleze. Kuna mtu amepanga chumba karibu na maegesho ya malori, anajiita daktari wa mwanga. Anatoa kapsuli za kumeza na taa nyekundu ya kujiangazia. Dada yako alimpelekea barua yako ya Februari, amsomee aone kama dawa ni ileile. Yule mtu akaisoma yote, akasema ndiyo yenyewe, imeshafika, ila ninyi wasomi wa Arusha mnaificha. Dada yako amemeza kapsuli zile wiki tatu na kujichoma kwa taa ile kila siku.

Jana nilikwenda kuangalia. Barua yako ameitoa kopi, ameibandika ukutani. Nimeisoma kwa macho yangu, mpaka jina lako chini. Wanawake sita walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu.

Dada yako anakohoa tangu Pasaka. Mumewe anaambiwa ni vumbi. Mtoto anaambiwa ni mafua. Mimi nimeambiwa ninyamaze. Njoo.

Sabra


Arusha,
6 Juni 2024

Dada Gwalu,

Nimeshajua. Usimkasirikie aliyeniambia.

Usimeze kapsuli nyingine hata moja. Ile taa izime. Sijui ndani ya zile kapsuli kuna nini, na yeye hajui, na dawa yetu haijatoka nje ya chumba hiki hata tone. Nakuapia kwa kaburi la mama.

Nimepiga simu mara tatu. Mara zote anapokea Tupokigwe, "Shikamoo, mama mdogo," nami namuuliza habari za shule kama mpumbavu, nakata. Sikutaka alisikie jambo hili kwenye sauti yangu.

Amri anakuletea hii kesho. Mimi nitakuwa mlangoni kwako Jumapili, na Jumatatu tunakwenda Mbeya.

Tusekile


Mbeya,
27 Juni 2024

Tuse,

Umeondoka juzi tu na tayari kitanda cha jirani kimepata mtu mwingine. Yule bibi wa Mlowo aliyekuwa anakutania amekwenda. Sikuuliza amekwenda wapi.

Nisamehe kwa niliyokurushia siku ile nyumbani. Niliposema umekuja kunikata kama walivyomkata mama, sikuwa mimi, ilikuwa hofu. Na Shadrack sikutaka ajue namna ile, mlangoni, akiwa ameshika kofia.

Leo Daktari Lusubilo amekuja na majibu yote. Alikaa pembeni ya kitanda changu. Tangu nilazwe hajawahi kukaa. Nikajua kabla hajafungua bahasha.

Iko kwenye titi. Iko kwenye mapafu, kote kuwili. Iko kwenye mifupa ya uti wa mgongo, ndiyo maana debe lilinishinda. Nikamuuliza, "Daktari, inaondoka?"

Akasema, "Mama, hatuwezi kuiondoa yote. Tunaweza kuirudisha nyuma, ukaishi nayo, na maumivu tukayapunguza."

"Nitaishi nayo muda gani?"

"Sijui. Na sitaki kukudanganya."

Tuse, naogopa. Naogopa kwenda chooni peke yangu. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, namwomba mgonjwa mwenzangu anisindikize, na yeye anatembea na chupa ya dripu. Nikisikia viatu vya daktari kwenye korido najifanya nimesinzia. Nilidhani mtu anaogopa kufa mara moja, kisha anazoea.

Sasa nisikilize. Niletee ile ya panya.

Usiniambie haijawa tayari. Nitasaini karatasi yoyote. Nitasema niliiba mwenyewe. Umeniambia kwa mkono wako kwamba tisa kati ya kumi na wawili walinywea, na wa mapafuni pia. Hapa hakuna aliyeniambia tisa. Hapa wananiambia sijui.

Mama alipokufa ulikuwa kidato cha pili. Baba alitaka urudi Isongole ulime. Nani alisimama mlangoni akasema Tusekile harudi? Miaka yote hii sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha.

Gwalugano


Arusha,
6 Julai 2024

Dada yangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Nitakuambia yote niliyokuficha, halafu uamue kama mimi bado ni ndugu yako.

Kwanza, wale panya. Februari tisa walikuwa wanaendelea vizuri. Mpaka mwisho wa Aprili sita kati ya hao tisa walikuwa wamekufa. Kansa haikuwaua. Tulipowapasua tulikuta maini yameharibika, meusi, yanamomonyoka kwenye kibano. Vichembe vyetu haviendi kwenye uvimbe peke yake kama nilivyokuandikia. Vingi vinakwenda kukaa kwenye ini. Nilipokuandikia Mei nilikuwa nalijua hilo. Nikaandika "mambo fulani hayajaenda sawa" kwa sababu niliona aibu. Ningeandika neno ini, usingekwenda kwa yule mtu.

Pili, mwanga. Panya ni mwembamba kama kidole gumba changu. Mwanga wetu unamwingia upande huu na kukaribia kutokea upande ule. Wewe una ngozi, una nyama, una mbavu. Kwako ungeingia sentimita chache ukaishia hapo. Haufiki mfupani, dada. Hata dawa ingekuwa salama kama maziwa, mgongo wako ungebaki gizani. Hilo nilitakiwa kuliandika Februari. Badala yake niliandika tuko karibu. Kwetu sisi karibu ni miaka kumi. Pengine ishirini. Pengine isifike kabisa.

Tatu, na hili ni wewe, Sabra na profesa tu mtakaolijua. Nilichukua.

Barua yako ilifika Jumatatu. Jumanne mchana nilitoa kichupa kimoja kwenye jokofu, nikakitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu, nikatoka nacho getini nikamsalimia mlinzi. Nilifika nacho stendi. Basi lilikuwa limewasha injini na kiti nilikuwa nacho. Nikakaa kwenye benchi nipige hesabu ya dozi kwa uzito wako, ule waliouandika kwenye faili lako Mbeya, kilo hamsini na moja. Nilipiga hesabu nyuma ya tiketi. Nilirudia mara mbili. Dozi ya kugusa uvimbe wako ilikuwa juu ya ile iliyoua panya wangu.

Konda akaniita kwa jina. Sikusimama. Basi likaondoka na mkoba wangu wa nguo ukiwa ndani, Amri ataurudisha. Nikarudi maabara, nikakiweka kichupa mezani kwa profesa, nikamwambia. Nimesimamishwa kazi mpaka mwezi wa kumi. Nashukuru hakuniuliza kwa nini, maana nilikuwa nalia kwa kelele na watu walikuja mlangoni.

Silalamiki. Nakueleza ili ujue sikukataa nikiwa nimekaa raha. Nilikuwa na dawa mkononi na nilikuwa nakuja, na kilichonirudisha ni kwamba ningekuua mimi, kwa mkono wangu, na wewe ungenishukuru wakati unakunywa.

Nimeongea na Daktari Lusubilo. Kuna vidonge vya kemo vya kumeza, vipo Mbeya, unavimeza nyumbani kwako. Havina mwanga wala maajabu. Vimepimwa kwa binadamu, kwa miaka, na madhara yake yanajulikana na yanafuatiliwa. Kuna na sindano ya mifupa, na mionzi ya mgongo wakiona inafaa. Nakuomba umeze hivyo.

Kuhusu yule mtu wa taa, nimeandika kwa polisi na kwa ofisi ya mganga mkuu. Pia nimeandika karatasi kubwa kwa mkono wangu, kwamba barua ile niliandika mimi, kwamba dawa haijatoka, kwamba anadanganya. Nimempa Amri ampe Sabra aibandike sokoni.

Ukitaka kunichukia, nichukie. Ila uwe hai.

Tusekile


Tunduma,
22 Septemba 2024

Tusekile,

Sikukujibu kwa sababu nilikuchukia kweli. Wiki sita nilikuwa nameza vidonge asubuhi na jioni, na kila nikimeza nakutukana. Sabra anasema huenda matusi ndiyo yaliyofanya kazi.

Nianze na mwili. Viganja na nyayo zinababuka, nashika ufagio kwa kitambaa. Chakula kina ladha ya msumari. Lakini kidonda kimekauka, na kikohozi kimebaki kidogo. Mgongo walinipiga mionzi mara tano, sasa nakaa dukani mpaka saa nane, ila debe ananyanyua mtu mwingine. Wiki iliyopita walipiga picha tena. Daktari Lusubilo aliiweka kwenye dirisha tuitazame wote. Madoa ya mapafuni yamepungua, mengine yametoweka. Ya mifupani yako vilevile, hayajaongezeka. "Haijaondoka," akaniambia, "tunaisukuma." Picha nyingine ni Novemba. Nimeizungushia duara kwenye kalenda ya dukani.

Polisi walikwenda kwa yule mtu. Walikuta chumba kitupu, taa amechukua. Barua yako ilikuwa bado ukutani, Sabra akaibandua kwa kucha. Na Tuse, wale wanawake walikuwa bado kwenye benchi. Mmoja aliwaambia polisi amerudishwa mara mbili na leo haondoki mpaka apate dozi yake. Yule Tabu aliyekuwa anauza chumvi ya Ivuna upande wa kwetu, nilimwona kwenye benchi lile mara mbili, tukajifanya hatujuani. Tulimzika Julai. Hakuwahi kufika hospitali. Ile karatasi yako kubwa Sabra aliibandika siku ya mazishi, na mimi nikasimama pembeni yake nikafungua kifua nikawaonyesha wanawake kovu la taa. Sikupanga kufanya hivyo. Sabra akanishika kiuno. Wanne nimewapeleka zahanati mwenyewe. Mmoja ana kitu, yuko Mbeya sasa.

Lililonitisha kuliko yote lilikuwa nyumbani. Shadrack alijua siku ile mlangoni, lakini Tupokigwe tulimwambia mama ana kifua. Ana mtihani Novemba, nikasema asubiri mpaka amalize. Jumapili tukiwa mezani akaweka kijiko chini.

"Mama, vidonge vyako nimetafuta jina lake kwenye simu."

Shadrack akatoka nje. Nikabaki peke yangu na yeye. Nikamwambia yote. Titi, mapafu, mgongo, bibi yake, yule mtu wa taa. Sikuangalia uso wake, niliangalia sahani.

Akaniuliza, "Inauma?"

Nikasema inauma. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijamwambia mtu neno hilo, Tuse, hata daktari namwambia kidogo tu. Mtoto akaja akakaa upande wangu, akala chakula chake kilichobaki kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine alikuwa amenishika.

Basi na mimi nina swali, na safari hii si la mwenzangu wa sokoni. Mama alikuwa nayo. Mimi ninayo. Wewe una miaka thelathini na minne. Kurasa zote ulizoniandikia kuhusu panya na maini, hakuna mstari mmoja unaosema umepimwa. Nakujua tangu mdogo. Kitu ukikiogopa unakwenda kukisoma kitabuni.

Umepimwa?

Dada yako,
Gwalugano


Arusha,
8 Oktoba 2024

Dada Gwalu,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali, karatasi nimeiweka juu ya goti. Namba yangu ni kumi na saba. Wameita kumi na mbili.

Sijapimwa, hapana. Miaka sita nashika kansa ya titi kwa glavu kila siku, na sijawahi kupimwa.

Na kuna jingine. Nina kauvimbe, upande wa kulia, karibu na kwapa. Nilikashika Julai nikiwa naoga, siku chache baada ya kukuandikia ile barua ndefu. Kanateleza chini ya kidole. Nilikaa chini bafuni maji yakinimwagikia. Kila asubuhi tangu siku hiyo nakashika nione kama kapo, kisha navaa nguo. Sikumwambia mtu. Nilikufokea wewe uende Mbeya wiki ileile, na mimi nimejificha miezi mitatu, nikijua kila kitu kuhusu kinachoweza kutokea ndani ya miezi mitatu.

Barua yako niliisoma stendi, Amri akiwa bado amesimama mbele yangu. Akaniambia, "Dada, umepauka." Ndiyo nikaja.

Wameita kumi na tano. Dada, natamani kutoka hapa. Viatu vyangu vimeelekea mlangoni. Mama mmoja hapa pembeni ameniuliza kama ni mara yangu ya kwanza, nikasema ndiyo, na sauti imetoka ya kitoto.

Kumi na sita.

21 Oktoba

Naendelea palepale. Siku ile walinipiga altrasaundi, wakachukua kinyama kwa sindano. Nesi alisema majibu ni siku kumi. Zikawa kumi na tatu. Siku zote hizo sikuandika, sikupika, sikupokea simu yako, samahani. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha dirishani nikiwaza nani atamwambia Tupokigwe, kwamba sasa ni bibi, mama na mama mdogo.

Leo wamenipa. Si kansa. Ni uvimbe wa kawaida wa nyama ya titi, wataufuatilia. Daktari ameniandikia nirudi kila mwaka bila kukosa, na amesema Tupokigwe aanze mapema kuliko wasichana wengine. Nitamweleza mimi mwenyewe, baada ya mtihani wake.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikacheka peke yangu, watu wakanipisha. Halafu nikaona aibu, dada. Nilikuwa nashangilia kitu ambacho wewe hukukipata. Karatasi ya daktari nimeikunja nikaitia ndani kabisa ya mkoba, kama kitu nilichoiba. Sijui nikuombe msamaha au nikupe shukrani kwa kunisukuma. Nakupa vyote.

Maabara wameongeza muda wa kunisimamisha, wamesema nirudi mwezi wa kwanza. Sasa nina nafasi. Nakuja Alhamisi na basi la Amri, nitalala chumba kimoja na Tupokigwe, na nitanyanyua madebe mpaka mgongo wangu mwenyewe ukome. Picha yako ya Novemba tutakwenda wote. Nitaingia nawe mpaka pale watakaponifukuza, na wakinifukuza nitasimama nyuma ya mlango. Uvimbe wa mifupani ukiwa umeongezeka, usijifanye umesinzia. Nami sitajificha nyuma ya habari za shule, kama nilivyofanya kwenye simu.

Mdogo wako,
Tusekile